Fumbo Bila Mfumbuzi: Kuisoma Nagona Singida

Wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ni wapenzi wa ushairi, wanamjua Euphrase Kezilahabi kwa mlango mmoja, nao ni mlango wa ugomvi. Ni yule aliyetoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 akawakera watungaji wa pwani na visiwani kwa tungo zisizofuata vina wala mizani, na mgogoro ule ukadumu zaidi ya muongo mzima. Huku walisimama akina Mulokozi na Kahigi na kitabu chao Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Kule wakasimama akina Jumanne Mayoka aliyeandika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka (1984), na Ibrahim Noor Shariff wa Tungo Zetu (1988). Mimi niliyelelewa Unguja, katika nyumba ambayo mtoto akisoma shairi akapunguza mizani huambiwa arudie tangu ubeti wa mwanzo, sikuwa na haja ya kuulizwa niko upande gani. Kwa sababu hiyo riwaya zake mbili za mwisho, Nagona (1990) na Mzingile (1991), zilinipita kwa miaka mingi. Nilidhani ni ugomvi ule ule umehamia kwenye nathari.

Nimezisoma baada ya kupelekwa Singida kwa kazi ya ualimu, na nimezisoma kwa sauti. Hili la pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Mji wa Singida umekaa baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mgeni wa kutoka visiwani akiamka asubuhi ya kwanza akaliona Singidani linang'aa, na heroe wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, moyo unamruka akidhani yuko kwao. Akishuka ukingoni hakuti ngalawa wala harufu ya mwani. Kukizunguka kila kitu ni majabali makubwa, yamepandana moja juu ya jingine kana kwamba kuna aliyekuwa akiyapanga akaitwa kabla hajamaliza. Kiangazi, alizeti zikishavunwa, upepo unavuma mchana kutwa na sauti ya mtu inachukuliwa kabla haijamfikia anayesemeshwa. Ndipo mahali niliposomea.

Jirani yangu ni mzee wa Kinyaturu, mwalimu mstaafu wa fasihi, ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Jioni huenda kumwamkia. Siku moja, nilipokwisha kumpa shikamoo yake, alinitolea nakala ya Nagona iliyonunuliwa Dar es Salaam zamani, jalada limeanza kuachana na kurasa. Pembe ya ukurasa mmoja, karibu na mwanzo, ilikuwa imekunjwa. Aliniambia kwamba alikianza kitabu mara tatu, na mara zote tatu aliishia hapo.

"Maalim," alisema, maana ndivyo anavyoniita tangu ajue natoka Unguja, "nilifundisha fasihi zaidi ya miaka thelathini. Kitabu hiki kilinishinda nikiwa na macho. Nisomee."

Kitabu chenyewe ni kidogo. Hakifiki kurasa mia. Kisa chake, kama kipo kisa, ni hiki. Msimulizi anafika katika mji uliozama katika kimya. Watu wamo, lakini si wa kuzungumza na mgeni. Yumo padri. Wamo waliozama katika kusoma, na miongoni mwao yanatajwa majina makubwa ya fikra za Ulaya, akina Plato, Hegel, Darwin, Marx, Nietzsche na Freud, kama vile tungewataja majirani wa mtaani. Baadaye pana babu anayemfunda mjukuu, pana msitu, pana paa anayetafutwa na anayeonekana kwa mmetuko tu kisha akatoweka, pana Nagona mwenyewe, na pana ngoma kuu ambayo kwayo anatazamiwa mkombozi wa pili. Ukiyapanga hivi nilivyoyapanga, yanakuwa na mfuatano. Kitabuni hayana. Sura moja inaishia mahali, na inayofuata haisemi tumefikaje tulipo. Msomaji aliyezoea kuuliza "kisha ikawaje?" anabaki na swali lake mkononi.

Na huyu ndiye mwandishi yule yule aliyetupa Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), riwaya ambazo mtoto wa skuli huweza kuzisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, zenye Ukerewe yake, wazazi wake, walevi wake, vijiji vyake vya Ujamaa. Baina ya Gamba la Nyoka na Nagona ilipita miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo Kezilahabi alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaandika tasnifu ya udaktari iliyokamilika mwaka 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Zingatieni jambo hilo: mtu ametumia miaka akihoji namna tunavyofasiri, kisha anarudi Dar es Salaam na kuandika riwaya inayomkatalia mfasiri kila mshiko. Haiwezekani kuwa ni bahati.

Sasa nirudi kwenye kusoma kwa sauti. Jioni ya kwanza nilisoma vibaya. Nilisoma kama ninavyosoma riwaya nyingine yoyote, nikikimbilia tukio, na kila nilipofika mahali pasipoeleweka nilisimama nikajaribu kumfafanulia mzee. Alinivumilia kidogo, kisha akanikataza kufafanua. Alitaka maneno tu. Jioni ya tatu ndipo nilipoanza kusikia. Sentensi za Nagona ni fupi, na ufupi wake hauna ukavu. Zinakwenda kwa pumzi. Taswira inatajwa, inaachwa, inarudi baada ya kurasa kadhaa ikiwa imebadilika kidogo, kama kiitikio kinavyorudi na kumkuta msikilizaji si yule wa ubeti uliotangulia. Kimya kinarudi. Mwanga unarudi. Paa anarudi. Jicho likisoma peke yake linaona matukio yaliyokatika. Sikio linapata mishororo. Nilicheka peke yangu njiani nikirudi nyumbani usiku ule. Yule tuliyemshitaki kwa kuitoa mizani kwenye shairi, kumbe ameiingiza kwenye nathari kwa mlango wa uani.

Nawaomba wapenzi wa ushairi wasiitupe Nagona kwa kuwa ni riwaya. Wao ndio waliobeba vyombo vya kuisomea. Sisi wa pwani tumezoea kulikalisha shairi, kulirudia, kulighani, kulala nalo. Tumezoea fumbo, na hatumwoni mtungaji wa fumbo kuwa amemdharau msomaji wake. Mombasa ya Muyaka iliendesha hata siasa zake kwa mafumbo. Tumezoea pia safari ambazo si za miguu: anayehudhuria kisomo usiku wa Miraji haulizi Buraki alipitia njia gani. Na neno lenyewe mzingile, ambalo Kezilahabi alilichukua kuwa jina la riwaya yake ya pili, babu zetu walilijua katika mzingile mwambiji, mchoro wa njia zilizosokotana ambamo kidole huingia na kuhangaika kutafuta pa kutokea. Anayedai kwamba vitabu hivi vimeletwa kutoka ng'ambo vikiwa vimefungwa kwenye karatasi za maduka ya huko, basi ameangalia majina ya wanafalsafa tu.

Kuna shairi moja ambalo sikuweza kujizuia kulifikiria kila niliporudi katika ule mji wa kimya: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Pale pia tunapitishwa katika mji uliotulia utulivu wa kutisha, majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yamewaachia ndege na popo. Pale pia anayesema anajisemesha mwenyewe, kwani shairi zima ni mazungumzo ya mtu na moyo wake. Nilimsimulia mzee habari za Pate, naye ambaye hajapata kuiona bahari akaniomba nimghanie beti ninazozikumbuka. Nilimghania, na upepo ukanisaidia kidogo kuficha nilizozisahau.

Lakini kadiri nilivyozilinganisha kazi hizi mbili, ndivyo nilivyoona zinavyopishana, na nadhani hapa ndipo penye kiini cha ule wasiwasi unaomkumba msomaji wa Nagona. Al-Inkishafi ni ngumu kwa maneno. Mtu wa Unguja, achilia mbali wa Singida, anahitaji mtu wa Lamu au kamusi ya Kiamu kando yake. Maneno yakishafunguka, hata hivyo, njia yote iko wazi: dunia ni ya kupita, moyo na uzinduke, akhera inangoja. Ugumu wa Nagona umekaa kinyume. Hakuna neno lililonitaka nifungue kamusi. Mwanafunzi wa darasa la saba angeweza kuisoma kila sentensi na kuieleza. Kinachokosekana ni mahali zinapokwenda. Mshairi wa Pate alijua jibu kabla hajaanza kutunga, na msikilizaji wake alijua kwamba analijua. Kezilahabi anatukalisha mbele ya fumbo ambalo mwenyewe hakuwa na jibu lake mfukoni.

Fumbo bila mfumbuzi ni kitu ambacho jadi yetu haikutufundisha kukipenda. Anayesema "kitendawili" husubiri "tega". Na msikilizaji akishindwa hutoa mji, na mwenye kitendawili humaliza kwa jibu. Kuna makubaliano, nayo yana adabu yake. Nagona inatega, inapewa mji baada ya mji, na haitoi jibu. Msomaji anahisi amedhulumiwa. Nami nilihisi hivyo, na nilimwambia mzee kwa maneno makali kuliko haya.

Alinyamaza, kisha akanieleza habari iliyonishangaza kwamba anaileta katika mazungumzo ya riwaya. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika nchi hii ya Singida, watu wengi waliuawa na vifo vyao vikasemwa kuwa ni vya simba. Kisha ikasemwa kuwa si simba bali ni watu-simba, binadamu waliovishwa ngozi na kutumwa kuua. Serikali ya kikoloni ilifanya upelelezi, ikashitaki, na watu walinyongwa. Wenye kuandika habari hizo wameziandika. "Mahakama ilitoa jibu," alisema mzee. "Lakini wazee walionilea, kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema simba. Mmoja alisema watu. Mmoja, huyu ndiye niliyemwamini, alisema ukiuliza hivyo hujaelewa. Sikumwelewa mpaka leo, na sijaacha kumwamini."

Sitaki kuifanya habari hiyo ya damu kuwa pambo la makala. Naitaja kwa kuwa ilinitoa kwenye dhana kwamba swali lisilo na jibu ni anasa ya maprofesa. Wako watu, tena wasiojua Nietzsche ni nani, ambao wameishi ndani ya swali la namna hiyo maisha yao yote.

Haina maana kwamba Nagona haina kasoro. Yale majina ya wanafalsafa, kwangu mimi, ndiyo sehemu dhaifu kupita zote. Najua hoja yake: mwandishi anataka tuwaone wakubwa hao wamekaa katika mji uliokufa, na elimu yao yote imeishia kimya, na kijana aliyepitia Seminari ya Nyegezi, kisha vyuo vikuu, alikuwa na haki ya kuwatania waalimu wake. Lakini msomaji asiyewajua hapati utani, na anayewajua anaupata mapema mno. Mzee alinambia nisome sehemu hizo haraka, nami nikasoma haraka. Pia Nagona mwenyewe, ambaye jina lake limebeba kitabu, anatazamwa kuliko anavyosema. Anatarajiwa, anaongojewa, anabebeshwa matumaini ya ulimwengu. Nilitamani mara moja tu anyanyue uso aulize kama naye ametaka. Riwaya iliyothubutu kuvunja mambo mengi kiasi hiki ingeweza kulivunja na hilo.

Wahakiki wamekwisha kuyaandika mengi juu ya kitabu hiki. Katika walioandika mapema na kwa makini ni Said Ahmed Mohamed, ambaye kwa jina la Said A. M. Khamis alitoa mwaka 2003 makala ya kitaaluma juu ya Nagona, akichunguza kuvunjika kwa simulizi, mchango wa fasihi simulizi na kile kinachoitwa uhalisiajabu. Inafaa tukumbuke kwamba huyu ni mtu wa Pemba, na ndiye aliyetuandikia Utengano (1980), riwaya iliyoshika ardhi kwa miguu yote miwili. Huyo huyo alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, kisha Dunia Yao mwaka 2006. Katama Mkangi alikuwa ametoa Walenisi (1995), William Mkufya Ziraili na Zirani (1999), na Kyallo Wamitila akaja na Bina-Adamu! (2002). Kwa hiyo atakayesema mtindo huu ni wa mtu mmoja wa Ukerewe aliyeharibiwa na masomo amechelewa.

Tulipoimaliza Nagona tukaingia Mzingile, na hapa nilisita. Niliisoma kwanza peke yangu usiku, nikaona inakokwenda. Msimulizi ametumwa kwenda kumtafuta mzee anayekaa mbali, mlimani, ampelekee habari kwamba mwanawe ameuawa. Wenye kufasiri watasema mzee yule ni Mungu na mwana yule ni mkombozi, na dalili zote zinawaunga mkono. Lakini mimi nilikuwa nasoma barazani pa mzee wa kweli, ambaye miaka michache nyuma aliletewa habari kama hiyo na mtu asiyemjua, aliyeshuka kwenye basi la jioni. Nilijua kisa hicho kutoka kwa majirani. Yeye mwenyewe hajapata kunigusia. Kwa siku mbili nilitoa udhuru. Siku ya tatu aliniuliza kama kitabu kimenishinda, nami kwa aibu nikaanza kusoma.

Alisikiliza bila kunikatiza, hata nilipofika mahali ambapo mzee wa mlimani haipokei habari kama tunavyotazamia baba aipokee. Nilimtazama, uso wake ulikuwa umeelekea ziwani, kule ambako anaona weupe tu. Nilipofunga kitabu alisema, "Rudia anapopanda." Nikarudia. Kisha akasema jambo ambalo katika kusoma kwangu kote, na katika tahakiki zote nilizozipitia, sijalikuta. Alisema kwamba kitabu hiki kimemshika mjumbe. Habari ya kifo kila siku husimuliwa kutoka kwa mfiwa. Watu humzunguka mfiwa, humpikia, humlalia matanga. Hapa tunatembea na yule aliyeibeba habari, tunapotea njia pamoja naye, tunaogopa pamoja naye kufika. "Kijana aliyeniletea yangu," alisema, "nilimfukuza. Sikumpa hata maji. Sijui alilala wapi usiku ule."

Sikuwa na la kumjibu. Nami sina la kuongeza juu yake katika uhakiki, isipokuwa kuliweka mbele ya wale wanaosema riwaya hizi ni michezo ya akili, hazina mtu ndani yake. Mzee yule alikuwa na mtu ndani yake, na kitabu kilimtoa. Riwaya iliyopangwa vizuri, yenye mwanzo na mwisho na funzo, pengine ingempa faraja, naye angeshukuru na kwenda kulala. Mzingile haikumpa faraja. Ilimpa mtu wa kumfikiria, mtu ambaye hakuwa amemfikiria kwa miaka yote hiyo.

Sehemu ya mwisho ya Mzingile, ulimwengu ulipokwisha kuteketea na msimulizi anamkuta mwanamke katika mabaki yake, niliisoma katika jioni moja. Ina uzuri mwingi, na kwa maoni yangu ndiyo nathari safi kuliko zote alizopata kuziandika Kezilahabi, ingawa mzee aliona imefanywa haraka na kwamba ulimwengu haumaliziki kwa kurasa chache namna ile. Tulibishana mpaka mvuke wa chai ukaisha.

Kezilahabi alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020, akiwa na miaka 75. Magazeti yalimtaja kwa Rosa Mistika na kwa mashairi huru, na Nagona ikapita kwa sentensi moja au mbili. Mwezi uliopita mzee aliniomba tuianze upya. Niliifungua nikaikuta ile pembe ya ukurasa bado imekunjwa. Nilitaka kuinyoosha, nikaiacha. Tulipofika hapo nilimwambia, "Mzee, ndipo hapa ulipokuwa unaishia." Akaniuliza pameandikwa nini. Nikamsomea. Akasema ni pale pale, hata leo haelewi, niendelee.